Nguzo Isiyosemwa: Historia ya Shinyanga na Maswali ya Mantiki

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akinitaka nitoe makala ya historia, na katika barua hiyo hiyo ameniomba niwasaidie wanafunzi walioko shuleni sasa juu ya maswali ya kupima fikra, yale wanayokutana nayo wanapotafuta nafasi za vyuo na za kazi. Wengine watayaona haya kuwa maombi mawili. Kwangu mimi ni ombi moja, kwa maana nchi yetu ya Shinyanga, pamoja na jirani zetu wa Geita kwenye dhahabu, ina historia ambayo ukiisoma vizuri ni kitabu kizima cha maswali ya namna hiyo, na mengine yalisahihishwa kwa gharama kubwa mno.

Wenzangu wa zamani ambao hawajapata kuyaona maswali haya wanivumilie nianze na mfano mdogo. Karatasi humwambia mtahiniwa hivi: "Halmashauri ya kijiji imeamua kuchimba lambo jipya ili ng'ombe wasife tena wakati wa kiangazi." Kisha humwuliza: Ni jambo gani ambalo msemaji amelichukua kuwa kweli bila kulisema? Huwekewa majibu ya kuchagua. La kwanza, kwamba ng'ombe wa kijiji hicho hufa kiangazi kwa kukosa maji. La pili, kwamba ng'ombe ndio mali kubwa kuliko zote kijijini. La tatu, kwamba lambo la zamani lilichimbwa vibaya. La nne, kwamba wanakijiji wote wameupenda uamuzi huo.

Mwanafunzi mwepesi huchagua la pili, kwa sababu analijua kuwa kweli. Nani Usukumani asiyejua kwamba ng'ombe ni mali? Lakini swali halikuuliza lipi ni kweli. Liliuliza lipi linaishikilia hoja. Njia ya kulipata ni moja, nayo ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea: chukua kila jibu, likanushe, halafu utazame kama hoja bado imesimama. Sema ng'ombe si mali kubwa kuliko zote, pengine pamba inawapita. Lambo bado lafaa kuchimbwa. Sema lambo la zamani lilichimbwa vizuri, ila ni dogo. Hoja ipo pale pale. Sema nusu ya wanakijiji wamenuna. Watanuna, lakini ng'ombe watakunywa. Sasa sema ng'ombe hawafi kwa kiu, wanakufa kwa kukosa majani, au kwa ugonjwa. Hapo hoja yote imelala chini kama msonge uliong'olewa nguzo ya kati. Basi hiyo ndiyo nguzo isiyosemwa, na mwenye kuitafuta kwa kukanusha hatapotea mara nyingi.

Elimu hii si ngeni duniani. Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha kuona kwamba watu wakizungumza barazani hawasemi hoja nzima. Huacha kipande ambacho msikilizaji atakijaza mwenyewe. Wanazuoni wa Kiarabu na Kiajemi waliipokea elimu hiyo wakaiendeleza, na neno letu mantiki asili yake ni Kiarabu. Wala tabia ya kuacha kipande si mbaya yenyewe. Mama akisema, "Mawingu yamekusanyika, anueni nguo," hana haja ya kuongeza kwamba mawingu huleta mvua na mvua hulowesha nguo. Kama kila mtu angelazimika kusema yote, kikao kimoja cha mahari kingechukua mwezi. Ubaya huanza pale ambapo kipande kilichoachwa ndicho kibovu, na kila aliyepo amekijaza kichwani mwake bila kukitazama.

Sasa twende kwenye historia. Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuta sehemu kubwa za nchi hii zimefunikwa na mapori na vichaka vyenye mbung'o, mdudu aletaye malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Aliyeibeba kazi ya kupambana naye alikuwa C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini katika Tanganyika, ambaye baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa hapa hapa Shinyanga. Iko aina ya mbung'o inayochukua jina lake hata leo, Glossina swynnertoni. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege. Katika miaka ya 1920 watu walitoka kwa wingi na mashoka na mapanga, wakiitwa na watemi wao, kufyeka vichaka kwa siku zilizopangwa, na moto wa porini ukawashwa kwa utaratibu badala ya ovyo. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakasogea mbele. Ilikuwa kazi kubwa, nami sioni sababu ya kuidharau kwa kuwa tu iliamriwa na mkoloni. Waliomenya mikono ni wazee wetu.

Lakini tuitazame hoja kama karatasi ya mtihani. Nchi hii ina mapori ya mbung'o. Wenyeji wameshindwa kuyaondoa. Kwa hiyo wanahitaji mtu wa kuja kuwaonyesha jinsi ya kuitawala nchi yao. Nguzo isiyosemwa iko wapi? Iko katika wakati. Msemaji amechukua kwamba mapori hayo yalikuwapo tangu kale, na kwamba alivyoikuta nchi ndivyo ilivyokuwa siku zote. Tukanushe. Mnamo 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukafyeka ng'ombe kwa kiasi ambacho hakijapata kuonekana. Njaa ikafuata, na ndui, na funza aliyekuwa mgeni katika nchi hizi. Watu wakapungua, mashamba yakaachwa, malisho yakakosa wa kuyala, vichaka vikarudi, na wanyama wa porini wakarudi pamoja na mbung'o wao. Waingereza walipofika walikuta makovu ya balaa la miaka thelathini wakayadhania kuwa sura ya kuzaliwa.

Aliyeieleza habari hii kwa nguvu ni John Ford, mtaalamu aliyeishi na mbung'o miaka mingi, katika kitabu chake cha 1971, na baada yake Helge Kjekshus katika kitabu cha 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki. Wapo wanahistoria wanaosema Kjekshus aliipaka rangi nzuri mno enzi ya kabla ya ukoloni, kana kwamba wazee wetu hawakujua njaa wala vita, nami nadhani wana haki yao kiasi. Hata hivyo jambo moja halikupingika: pori lililoonekana mwaka 1920 haliwezi kutumika kama shahidi wa mwaka 1880.

Kisa cha pili chatoka katika utafiti huo huo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa kufundishia, kwa sababu kinamnasa hata mwanafunzi hodari. Wataalamu walijua kwamba mbung'o hula damu, na kwamba porini damu hiyo hutoka kwa wanyama. Wakauliza: tukiwaondoa wanyama, je, mbung'o hatakufa njaa? Huko Rhodesia ya Kusini wanyama walikuwa wakipigwa risasi kwa hoja hiyo tangu zamani. Hapa Shinyanga jaribio lenyewe lilifanyika katika miaka ya 1940, baada ya vita, na taarifa yake ikatolewa na Potts na Jackson mwaka 1952. Maelfu ya wanyama waliuawa katika eneo lililotengwa: swala pala, punda milia, ngiri, tandala, pofu, kila aliyeonekana. Na mbung'o walipungua mno. Jaribio likahesabiwa kuwa limefaulu.

Ndugu mwanafunzi, weka kalamu chini kidogo. Hoja ilikuwa hii: mbung'o huishi kwa damu ya wanyama wa porini, kwa hiyo, ili kumwondoa mbung'o, waondolewe wanyama wa porini wote. Ni nini kilichochukuliwa kuwa kweli? Kwamba kwa mbung'o mnyama ni mnyama, na damu ya punda milia ni sawa na damu ya ngiri. Hakuna aliyelisema hilo. Lilijificha ndani ya neno "wanyama," kama mtu mmoja ajifichavyo katika umati.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu Bernard Weitz, akiwa Uingereza, alipata njia ya kuitambua damu iliyomo tumboni mwa mbung'o na kusema imetoka kwa mnyama gani. Mbung'o wa kutoka Afrika Mashariki walipopimwa ilionekana kwamba mdudu huyu ni mchaguzi kama mgonjwa. Mbung'o wa Swynnerton na ndugu zake wa porini hula zaidi kwa ngiri, nguruwe mwitu, nyati, tandala na wachache wengine. Punda milia, nyumbu na swala pala, ambao wamejaa mbugani mbele ya macho yake, karibu hawagusi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanyama waliouawa waliuawa bure.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo vitabu vya kujitayarishia mitihani havina. Tumezoea kufikiri kwamba dhana mbovu itajionyesha siku mpango utakapovunjika. La hasha. Jaribio la Shinyanga halikuvunjika. Lilifaulu, na kufaulu kwake ndiko kulikoificha nguzo mbovu. Ukiwaua wanyama wote, na wale watano wanaomlisha mbung'o wamo ndani ya hao wote, mbung'o atapungua tu. Matokeo yangekuwa sawa kama kila mnyama ni chakula chake, na yangekuwa sawa kama ni hao watano peke yao. Hivyo matokeo hayasemi lolote juu ya dhana hiyo. Namwomba mwanafunzi alishike hili vizuri, kwa sababu nitalihitaji tena tutakapofika Geita.

Turudi kwenye mashoka. Kufyeka kulikuwa na nguzo yake nyingine, kwamba kichaka hakina kazi ila kumfuga mbung'o. Miaka ikapita, miti ikaisha, mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja wakayaacha malisho yao waliyokuwa wakiyatunza. Shinyanga ikapata jina la jangwa la Tanzania. Wapishi wakakosa kuni wakawasha samadi ya ng'ombe. Hapo watu wengi, wakubwa kwa wadogo, wakatoa hoja mpya: nchi imekuwa tupu, ng'ombe ni wengi, kwa hiyo dawa ni kupunguza ng'ombe na kupanda miche kutoka katika bustani za serikali. Aliyekwisha kuzoea kukanusha atauliza: je, miti imekufa kweli, au imekatwa tu na mizizi ingali hai?

Mizizi ilikuwa hai. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao sote tunaujua kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986, na baada ya kuhangaika na miche mwanzoni uligundua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika isilishwe, ili majani yake yatumike kiangazi kikali. Mahali palipofungwa miti ilichipuka yenyewe. Ngitili zilizokuwa zikihesabiwa kuwa kama hekta 600 tu mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 ilipofika mwaka 2004, na mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa iitwayo Equator. Wala ng'ombe hawakwisha Shinyanga.

Sitakaa sana juu ya Geita ya mwaka 1958, maana mambo yake yanastahili makala yake peke yake. Serikali ya kikoloni ilitaka kuweka baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, watu wa Geita wakakataa, wakaandamana, na mwishowe serikali ikaliacha. Wakubwa walisema watu wamechochewa. Nguzo ya maneno hayo ni kwamba mkulima wa Geita, akiachwa peke yake, hana sababu yake mwenyewe ya kukataa kitu. Na TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani tangu mwaka 1954! Mwenye kutaka kupima uzito wa dhana hiyo na awaulize wazee waliolipishwa faini kwa sheria za kilimo na mifugo za miaka hiyo kama walihitaji mwalimu wa kuchukia.

Sasa nafika mahali pagumu, na nisingependa wanafunzi wapapite haraka.

Katika nchi yetu hoja fupi kuliko zote imekuwa hii: "Macho yake ni mekundu, kwa hiyo ni mchawi." Maneno machache tu, wala hayana hata jasho. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu za serikali zilizochambuliwa baadaye na Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania bara kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya nusu waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi wao walikuwa bibi zetu.

Pima nguzo. Ili macho mekundu yawe ushahidi wa uchawi, lazima kusiwe na kitu kingine cha kawaida kinachoyafanya macho kuwa mekundu. Basi tazama jiko la bibi kizee wa Shinyanga katika miaka hiyo. Miti imekwisha, kuni hakuna, anapika kwa samadi na mabua ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka hamsini, mara mbili kwa siku. Bibi mzaa mama yangu alikuwa na macho ya namna hiyo. Sisi wajukuu ndio tuliomwokotea samadi kwa karai, tukamwona akifuta machozi kwa ncha ya khanga kila alipopuliza moto, wala hatukufikiri kwamba kuna la kueleza. Mwaka ambao watu wawili waliuawa kijiji cha pili, baba alimleta mjini usiku, akalala kwetu hadi alipofariki kwa uzee wake. Mjini alipikiwa kwa mkaa uwanjani. Baada ya miezi michache macho yalikuwa yamepungua wekundu, naye akatutania kwamba sasa uchawi umemwishia.

Unaona jinsi visa vinavyoshikana. Wale waliofyeka vichaka wakidhani havina kazi ila kufuga mbung'o hawakujua kwamba miti hiyo hiyo ndiyo ingekuwa kuni za bibi. Sisemi Swynnerton aliua mtu, kwa maana hoja hiyo nayo ingekuwa na nguzo nyingi zisizosemwa, na mchunguzi mmoja tu angezing'oa zote. Nasema moshi ulikuwa na historia yake, na mwenye kuijua asingehitaji mganga wa kumweleza wekundu wa macho.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni kubwa Mwanza na Shinyanga ya kuwatafuta wauaji. Watu wengi walikamatwa, wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa mahabusi. Nguzo ya watesaji tunaijua: aliyekamatwa ndiye aliyetenda, amebakiza kukiri tu. Hiyo ni ile ile ya macho mekundu, imevaa sare. Habari zilipojulikana, mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwa amemtesa mtu. Wapo waliomshangaa. Walikuwa wakifikiri hivi: "Hakutenda, kwa hiyo hahusiki," na nguzo ya hoja hiyo ni kwamba kiongozi anahusika tu na yale aliyoyafanya kwa mikono yake. Yeye aliikataa nguzo hiyo. Mwaka 1985 alikuwa Rais wa nchi, na tangu hapo sijasikia mwalimu wa uraia aliyepata mfano bora zaidi.

Tuvuke sasa kwenda kwenye dhahabu. Mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Kati ya miaka hiyo na baada yake wachimbaji wadogo wamefurika katika nchi yote ile, na huko Kahama pia, na wengi wa rika letu wana mtoto au mpwa aliyeshuka katika duara. Kazi ya duara ina jambo moja linalosumbua akili: watu wawili huchimba kwa jasho sawa, mmoja akakutana na mshipa wa mawe yenye dhahabu, mwenzake hatua ishirini kutoka hapo akatoka na udongo mtupu. Mshipa hauna adabu, hauko palipo na bidii. Na akili ya binadamu haipendi kitu kisicho na sababu.

Ndipo huja hoja ya kambini: "Fulani alikwenda kwa mganga, akapata dhahabu; kwa hiyo dawa ya mganga huleta dhahabu." Tangu mwaka 2007 taifa zima lilisikia dawa nyingine zilitakiwa kuwa nini. Watu wenye ualbino, wengine wakiwa watoto, waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa ajili ya utajiri wa madini na wa uvuvi. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo wanaume 3 kwa kumwua kijana wa miaka 14, nayo ilikuwa mara ya kwanza watu kutiwa hatiani kwa mauaji ya namna hiyo.

Naomba mwanafunzi aikumbuke ile habari ya punda milia. Hoja ya kambini imesimama juu ya nguzo kwamba Fulani asingeipata dhahabu bila dawa. Ikanushe: sema angeipata vile vile, kwa sababu mshipa ulikuwa chini ya duara lake tangu miamba ilipoumbwa. Hoja imekwisha. Lakini kambini haiishi, kwa nini? Kwa sababu Fulani amefaulu kweli, na kufaulu ndiko kunakoificha nguzo. Wale arobaini waliokwenda kwa mganga yule yule wakatoka na udongo mtupu hawasimulii. Wamerudi kwao usiku na deni. Tunayemsikia ni mmoja, naye ameshika kipande cha dhahabu mkononi. Ukitaka kuipima dawa lazima uwahesabu wote wanne: waliotumia wakapata, waliotumia wasipate, wasiotumia wakapata, na wasiotumia wasipate. Mimi nimefundisha hesabu miaka 31, na jedwali hili la vyumba vinne ndilo ningependa kila mtoto wa Geita alijue kabla ya kujua vipeo vya pili.

Hata wenye nia njema hukwama. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Nia ilikuwa kuokoa watu, na nani angeipinga? Lakini likanushe jambo moja, kwamba mganga anayetaka viungo vya watu ni mganga mwenye leseni, uone hoja inavyoyumba.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya mitihani yenyewe, kwa maana nayo ina nguzo zake. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu Mrusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuwauliza wakulima wasiosoma maswali ya mantiki. Aliwaambia: Kaskazini ya mbali kwenye theluji dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Mkulima akajibu kwamba yeye hajafika huko, aulizwe aliyefika. Wengi wamemcheka mkulima yule. Mimi simcheki. Muulizaji amechukua, bila kusema, kwamba msikilizaji yuko tayari kuyakubali maneno ya mgeni kama kweli kwa muda wa mchezo. Mkulima alikataa kucheza. Katika chumba cha mtihani kucheza ni lazima, na mwanafunzi akifika hapo ayakubali maneno ya karatasi hata kama yanasema Ziwa Viktoria liko Lindi. Kazi yake pale ni kutafuta kiungo, si kusahihisha jiografia. Akitoka nje, arudie desturi ya mkulima wa Uzbekistan, aulize nani amefika huko.

Nimeweka hapa mazoezi matatu ya kidato cha tano na cha sita. Kwa kila moja andika nguzo isiyosemwa, kisha uikanushe na ueleze kinachobaki. Msemaji wa kwanza anasema: "Bei ya dhahabu imepanda mwaka huu, kwa hiyo wachimbaji wadogo watarudi nyumbani na fedha nyingi zaidi kuliko mwaka jana." (Mkumbuke mwenye duara, mwenye karasha, na anayekopesha chakula.) Wa pili anasema: "Maji ya kijito kilicho chini ya mwalo ni maangavu, kwa hiyo hayana zebaki." Na wa tatu ni mmoja wetu, aliyesimama kwenye mkutano uliopita akasema: "Wanafunzi wa zamani waliokuja kwenye mkutano wamefanikiwa wote, kwa hiyo shule yetu hutoa watu waliofanikiwa." Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa hesabu wiki moja kabla ya mkutano ujao. Wazee nao wanaruhusiwa kujaribu, hasa la tatu.